Kona ya Shamba na Majibu Mengine: Wayahudi Wanafundisha Nini Kuhusu Jirani?

Wiki iliyopita nilieleza kwa kifupi sheria ya Torati inayomkataza mkulima kuvuna shamba lake mpaka pembeni. Kona aiache kwa maskini na mgeni, na masuke yaliyodondoka asirudi kuyaokota. Ndiyo sheria iliyomlisha Ruthu, mjane wa Kimoabu, shambani kwa Boazi. Marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, wakaiwekea na kiwango: kona hiyo isipungue sehemu moja ya sitini ya shamba. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua haya, na machache nimeyafupisha.

"Mpende jirani yako kama nafsi yako" si maneno ya Yesu? Mbona unawapa Wayahudi sifa hiyo? (Msomaji, Dodoma)

Yesu aliyasema, naye alikuwa Myahudi akinukuu Torati. Fungua Walawi 19:18 utayakuta. Ila usiusome mstari huo peke yake, soma sura nzima. Mshahara wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Usimlaani kiziwi. Usimwekee kipofu kikwazo njiani. Mizani yako iwe ya haki. Amri ya upendo imewekwa katikati ya mambo ya shamba, soko na kazi, na hapo ndipo mafundisho haya yanaponivutia. Hayaanzi kwa kukuuliza moyo wako unajisikiaje. Yanauliza kibarua umemlipa saa ngapi.

Hillel, mwalimu aliyeishi Yerusalemu enzi za Mfalme Herode, alifuatwa na mtu asiye Myahudi aliyetaka afundishwe Torati yote wakati amesimama kwa mguu mmoja. Mtu huyo alikuwa ametoka kwa Shammai, mwalimu mwingine, aliyemtimua kwa fimbo ya kupimia ya mafundi ujenzi. Hillel akamwambia: "Linalokuchukiza wewe, usimtendee mwenzako. Hiyo ndiyo Torati yote, mengine ni ufafanuzi. Nenda ukajifunze." Watu hupenda kunukuu mwanzo wa jibu hilo na kuyaacha maneno mawili ya mwisho, ambayo ndiyo yenye kazi.

Jirani huyo si Myahudi mwenzao tu? (Msomaji, Mombasa)

Wayahudi wenyewe wamelibishania hilo kwa karne nyingi. Mstari wa 18 unataja "wana wa watu wako", na wapo wanasheria wao walioufasiri kwa upana huo mdogo. Sifichi. Lakini sura hiyohiyo, mstari wa 34, inaamuru mgeni naye apendwe kama nafsi yako, "kwa kuwa ninyi mlikuwa wageni katika nchi ya Misri". Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi wa kale kuhusu sheria, inasema Torati imeonya kuhusu mgeni mara 36, na wengine huhesabu 46.

Rabi Akiva, karne ya pili, aliita amri ya kumpenda jirani kanuni kuu ya Torati. Mwenzake Ben Azzai akasema iko kubwa zaidi, akataja mwanzo wa sura ya tano ya Mwanzo, kile kitabu cha vizazi vya Adamu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Hoja yake mimi naiona ina nguvu: ukijifanya wewe kipimo, siku umedhalilishwa utaona si kitu na jirani yako akidhalilishwa. Ukimkumbuka Adamu huna pa kuweka mpaka, maana sote tumetokea hapo.

Kwenye matendo, Talmudi imeamuru maskini wasio Wayahudi wasaidiwe pamoja na maskini wa Kiyahudi, wagonjwa wao watembelewe na maiti zao zizikwe, kwa ajili ya njia za amani. Wapo wanaodai hiyo ni busara tu ya watu wachache wanaoishi chini ya wenye nguvu. Maimonides, tabibu na mwanasheria wa Misri katika karne ya 12, hakuishia hapo. Alipoiandika sheria hiyo aliambatanisha Zaburi ya 145: Bwana ni mwema kwa watu wote.

Shikamoo. Mimi ni mjane, nauza maandazi nisomeshe watoto. Hayo mafundisho yanataka nitoe mpaka nibaki na nini? (Msomaji, Tabora)

Marahaba. Hayataki ubaki mikono mitupu, na hili watu wengi hawalijui.

Talmudi inasimulia watu wawili walio safarini jangwani, na mmoja wao ana maji. Akinywa peke yake atafika kwenye makazi ya watu. Wakigawana, watakufa wote. Ben Petora alifundisha kwamba afadhali wanywe wote wafe, kuliko mmoja kukitazama kifo cha mwenzake. Akiva yuleyule wa kanuni kuu akapinga: uhai wako unatangulia uhai wa mwenzako. Ni jibu gumu, na sidhani kama lilitolewa kwa furaha. Lakini angalia mipaka yake. Ni maji yanayomtosha mmoja tu, na kifo kiko mlangoni. Mtu mwenye pipa zima nyumbani hawezi kulichukua jibu la Akiva akajifichia humo.

Hillel alilisema kwa namna nyingine: "Nisipojisimamia, nani atanisimamia? Na nikiwa wa nafsi yangu tu, mimi ni nini?" Kisha akaongeza, "Kama si sasa, lini?"

Kwa kipato chako, desturi ni fungu la kumi kwa mwenye uwezo, na marabi waliokutana Usha, huko Galilaya, waliweka dari: mtu asigawe zaidi ya sehemu moja ya tano ya mali yake, asije naye akageuka ombaomba. Riziki yako inatangulia, wanafuata wazazi, watoto, ndugu wengine, majirani, kisha watu wa mji wako. Ukisomesha watoto uko ndani ya sheria, hujaikwepa. Jambo moja tu: hata anayeishi kwa sadaka anatakiwa atoe kidogo. Andazi moja kwa mtoto wa jirani linahesabika.

Shemeji yangu huja kila mwisho wa mwezi kuomba hela. Nampa huku nimenuna. Napata thawabu? (Msomaji, Kahama)

Unapata, ila umekaa chini kabisa. Maimonides alipanga utoaji katika ngazi nane, na ya mwisho ni ya anayetoa kwa kinyongo. Juu yake yuko anayetoa pungufu ya inavyostahili lakini kwa uso mkunjufu. Kwa hiyo ukimpa shemeji nusu ya unachompa sasa, huku ukitabasamu, umepanda daraja. Usimwambie kuwa nimekufundisha mimi.

Zinafuata ngazi za anayetoa baada ya kuombwa na anayetoa kabla hajaombwa, halafu zile za kusitiriana. Maimonides anawataja wakubwa wa zamani waliofunga sarafu kwenye shuka na kuitupa mgongoni, maskini wakaja nyuma yao wakachukua bila kuonekana. Ya juu kabisa haina hata sura ya sadaka: kumpa mtu zawadi au mkopo, kuingia naye ubia, au kumtafutia kazi, mpaka asihitaji tena kuomba. Shemeji anajua kazi gani? Mwezi ujao akija, mjadili hilo kabla hujafungua pochi.

Nimesikia Wayahudi wana siku ya kufunga kwa sababu ya chuki. Ni nini hiyo? (Msomaji, Kigoma)

Ni tarehe 9 ya mwezi wao wa Av. Wanafunga kula na kunywa toka jua linapozama hadi usiku wa siku ya pili, wakiomboleza Mahekalu yote mawili ya Yerusalemu. La pili lilichomwa na Warumi mwaka 70. Mwanahistoria atakutajia majeshi, kodi na uasi. Talmudi inatafuta sababu ndani ya nyumba: Hekalu la kwanza liliangushwa na ibada ya sanamu, uzinzi na umwagaji damu, lakini watu wa Hekalu la pili walisoma Torati, walishika amri, na walitenda hisani. Kilichowamaliza ni chuki isiyo na sababu.

Kisa chake ni hiki. Tajiri mmoja wa Yerusalemu alikuwa na rafiki aitwaye Kamtza na hasimu aitwaye Bar Kamtza. Akaandaa karamu, akamtuma mtumishi amwite Kamtza. Mtumishi akamleta Bar Kamtza. Mwenye karamu alipomwona ameketi, akamwamuru atoke. Yule bwana akasihi asiaibishwe: nitalipia ninachokula na kunywa. Hapana. Nitalipa nusu ya karamu. Hapana. Nitalipa karamu yote. Akashikwa mkono akatolewa nje. Marabi walikuwapo, wameketi, wakanyamaza. Bar Kamtza akaona kwamba ukimya wao ni ridhaa, akaenda kuwachongea kwa Kaisari kuwa Wayahudi wanaasi.

Wengi humlaumu mwenye karamu, na wengine Bar Kamtza kwa usaliti. Mimi macho yangu hubaki kwa wale walioketi. Walikuwa na elimu, na pengine asubuhi yake walitoa sadaka. Hapa nakiri kwamba kiwango cha moja ya sitini hakitoshi: watu hawa walitimiza vipimo vyote na bado jirani aliaibishwa mbele yao. Na msiba kama huo uliwahi kuingia hata darasani kwa Akiva. Talmudi inasema alikuwa na jozi 12,000 za wanafunzi, wakafa wote kwa kipindi kimoja kwa sababu hawakuheshimiana. Wanafunzi wa mwalimu wa upendo!

Kwa hiyo umoja ni kukubaliana kwa kila kitu? (Msomaji, Nakuru)

Hapana kabisa. Shule ya Hillel na shule ya Shammai zilipingana hata kwenye sheria za ndoa, lakini hazikuacha kuozana. Talmudi inasema maneno ya pande zote ni maneno ya Mungu aliye hai, ila sheria ikafuata shule ya Hillel, kwa kuwa walikuwa wapole na walitaja hoja ya wapinzani wao kabla ya kutaja ya kwao. Jaribuni hilo kwenye mkutano mkuu wa chama chochote.

Kuna video za Kabala zinasema binadamu ameumbwa mbinafsi. Ni kweli ndivyo Wayahudi wanavyoamini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kabala ni mafundisho ya fumbo ya Kiyahudi, na hilo ulilosikia ni mkondo mmoja. Yehuda Ashlag, rabi kutoka Warsaw aliyehamia Yerusalemu mwaka 1921 na kufariki 1954, alifundisha kwamba asili ya mtu ni tamaa ya kupokea, na kwamba kazi ya dini ni kuigeuza iwe tamaa ya kutoa. Ni mafundisho mazito na yana wafuasi wengi leo. Myahudi wa kawaida anaweza kumaliza maisha yake bila kuyasoma, na kona ya shamba akaiacha vilevile.

Huku kwetu wapo Wayahudi? (Msomaji, Kampala)

Unao karibu kuliko mimi. Nje ya Mbale wanaishi Abayudaya, jamii iliyoanza mwaka 1919 pale kiongozi Semei Kakungulu alipoamua kufuata Torati. Idi Amin alipiga marufuku ibada yao, wengi wakabadili dini, wachache wakaendelea kwa siri. Mwaka 2004 mkulima wao J. J. Keki, aliyekuwa New York siku ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani Waislamu na Wakristo waunde pamoja ushirika wa kahawa. Wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Kahawa yao ikauzwa Marekani. Kwenye ngazi za Maimonides, ubia wa namna hiyo uko kileleni.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Kuna lolote linalonihusu? (Msomaji, Morogoro)

Lipo, na ni la kina. Kwa sheria ya Talmudi, mfuko wa maskini wa mji ulikusanywa na watu wasiopungua wawili, ukagawiwa na watatu, kwa sababu ugawaji ni kama hukumu. Wakusanyaji hawakuruhusiwa kuachana njiani. Mmoja wao akiokota hela barabarani, haitii mfukoni mwake. Anaitumbukiza kwenye mfuko wa maskini mbele za watu, kisha anaitoa akifika nyumbani. Wakitaka kubadilisha sarafu za mfuko, wabadilishe na watu wengine, si na pesa zao wenyewe. Kwa sheria, mkusanyaji mwaminifu hadaiwi hesabu, lakini wanasheria wa baadaye walishauri aitoe hata hivyo. Wewe itoe, tena kwa maandishi, kabla hawajaiuliza.