Naseby 1645: majibu kwa maswali yenu kuhusu pigano lililomwangusha Mfalme Charles

Baada ya makala yetu juu ya vita kati ya Mfalme Charles I na Bunge la Uingereza, wengi mmeuliza kuhusu siku moja: tarehe 14 Juni 1645, karibu na kijiji cha Naseby, Northamptonshire. Nimechagua maswali machache.

Walikuwa wanagombania nini hasa?

Pesa, dini, na nani awe na kauli ya mwisho. Charles aliamini mamlaka yake yametoka kwa Mungu. Kuanzia 1629 alitawala miaka 11 bila kuitisha Bunge, huku akitoza kodi ambazo Bunge halikuziidhinisha. Januari 1642 aliingia bungeni na askari ili awakamate wabunge watano, akakuta wameshatoroka. Agosti mwaka huohuo vita vikaanza rasmi.

Mfalme alishindwa kwa sababu ya uchache wa askari?

Uchache ulimuumiza, sikatai. Alikuwa na watu kama 9,000, Bunge lilikuwa na 14,000 hivi, na wapanda farasi wake waliokuwa magharibi chini ya kamanda wake Goring hawakutokea. Hata hivyo, pigano lilipoanza upande wake ndio uliokuwa ukisonga mbele. Askari wake wa miguu waliwarudisha nyuma wenzao wa Bunge pale katikati, na kamanda wa askari wa miguu wa Bunge, Skippon, akapigwa risasi, ingawa alikataa kuondoka uwanjani. Ubavuni, Rupert, mpwa wa mfalme, aliwavunja wapanda farasi wengi wa Ireton, kamanda wa Bunge. Ireton mwenyewe alijeruhiwa, akatekwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Rupert na watu wake waliendelea kufukuza mpaka kwenye msafara wa mizigo wa Bunge, mbali na uwanja. Wakawataka walinzi wasalimu amri. Walinzi wakajibu kwa bunduki. Upande wa pili, wapanda farasi wa mfalme walipanda mlima penye vichaka vya miiba na mashimo ya sungura, na Cromwell, kamanda wa wapanda farasi wa Bunge, akawashinda. Lakini yeye hakuliachia jeshi lake lote liwafuate waliokimbia. Alituma baadhi tu, waliobaki akawageuza kuwavamia askari wa miguu wa mfalme. Rupert aliporudi, jeshi la miguu lilikuwa limekwisha. Watu kati ya 4,000 na 5,000 walitekwa. Kwa maoni yangu, Naseby iliamuliwa na nidhamu ya kusimama na kugeuka, maana ushujaa ulikuwepo pande zote mbili.

Kwa hiyo Cromwell ndiye aliyekuwa jemadari mkuu?

Hapana. Mkuu alikuwa Sir Thomas Fairfax, mwenye miaka 33. Cromwell aliongoza wapanda farasi, na alifika kambini siku moja tu kabla ya pigano.

Mfalme mwenyewe alipigana?

Alikuwepo uwanjani, na alitaka kuongoza kikosi cha akiba kwenye shambulio la mwisho. Mmoja wa wakuu wake, Carnwath, akashika hatamu ya farasi wake na kumgeuza. Kikosi kilipoona farasi wa mfalme amegeuka, kikageuka pia.

Nimesikia kuna barua zilizotekwa. Zilikuwa na nini?

Zilikuwa barua zake za siri, zikiwemo alizoandikiana na Malkia Henrietta Maria. Zilionyesha kwamba alikuwa akitafuta majeshi kutoka Ireland na ng'ambo, na yuko tayari kuwalegezea Wakatoliki sheria. Bunge lilizichapisha kitabu, watu wakajisomea. Askari wengine mfalme angeweza kuwatafuta. Imani ya raia waliosoma maneno yake mwenyewe isingerudi. Mwaka 1646 alijisalimisha kwa Waskoti, na tarehe 30 Januari 1649 akakatwa kichwa.

Mbona hatuambiwi kuhusu raia?

Swali zuri, na jibu lake linauma. Katika kuwafukuza walioshindwa, askari wa Bunge waliwaua wanawake wasiopungua 100 waliofuatana na jeshi la mfalme, na wengine wakawachanja nyuso kwa visu. Walidai ni Waairishi. Inaelekea wengi walikuwa Wawelisi, ambao lugha yao wauaji hawakuielewa. Vitabu vingi huupitia mkasa huu kwa sentensi moja, mara baada ya kumsifu Cromwell. Mimi siwezi kuusimulia ushindi wa Naseby nikawaacha wanawake hao nje.