Chalbi mwezi wa Aprili? Usilipe amana kwanza

Hapana. Usilipe. Unasema wakala wa safari anataka amana, na unaipeleka familia Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, likizo ya Aprili, mtoke Marsabit, mkate jangwa la Chalbi kwa Maikona, Kalacha na North Horr, mrudi kwa South Horr, na eti simu inaonyesha Loiyangalani mvua sifuri wiki nzima. Hiyo sifuri ndiyo itakayowazika kwenye tope.

Loiyangalani ni sifuri karibu wakati wote, pale ni jangwani. Lakini Chalbi haingoji mvua ya Loiyangalani. Maji yake yanateremka kutoka mlima Marsabit, Kulal na vilima vya Huri, na lile ni bonde lisilo na mlango: yakishaingia hayatoki, yanangoja jua liyakaushe. Chini ni udongo wa mfinyanzi wenye chumvi. Unaweza kusimama pale jua linakuchoma utosi, vumbi puani, hakuna wingu hata moja, na chini ya ukoko ni uji.

Ukoko wa juu hukauka kwanza, ukawa mweupe, ukapasukapasuka vizuri kabisa kwa picha. Land Cruiser iliyojaa watu, maji na dizeli inakaribia tani tatu au inazipita. Mwanzo inateleza raha mustarehe, kwa sababu kingo hukauka kabla ya katikati. Mkiwa mmeshaingia ndani, usukani unakosa mshiko na gari linapunguza mwendo bila mtu kugusa breki. Asiyejua hapo hukanyaga mafuta. Tairi zinachimba, ukoko unavunjika, tumbo la gari linakaa juu ya tope, na kuanzia hapo kuwa na gia ya tairi nne hakukusaidii kitu. Jeki inazama yenyewe kama hamkubeba ubao mpana wa kuiwekea chini. Winchi, ile mashine ya kamba ya kujivutia, utaifunga wapi, mti hakuna. Mnakaa kungoja lori, na lori lenye dereva mwenye akili halipiti hapo.

Ukihisi usukani umelegea, usiongeze mafuta na usikate kona. Acha gari lisimame, kisha rudi kinyumenyume juu ya alama zako mwenyewe mpaka pagumu. Ukigeuza unatafuta ukoko mpya wa kuvunja. Na kabla hata ya kuingia, mtu mzima mmoja ashuke, atembee mbele hatua mia akikita kisigino. Kisigino kikitoboa na kutoka na unyevu, njia hiyo leo imefungwa. Mambo ya "tujaribu kidogo" muache huko huko nyumbani.

Sasa hawa wauza kalenda. Kila tovuti ya safari ina jedwali lile lile: Januari na Februari kijani, yaani kukavu, Aprili nyekundu, yaani mvua, Juni hadi Septemba kijani tena, kana kwamba mawingu yamesaini mkataba. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 kaskazini mwa Kenya ilikosa mvua misimu mitano mfululizo; miezi yao nyekundu ilikuwa mikavu na mifugo ikafa. Kisha mwisho wa 2023 mvua kubwa ya El Niño ikashuka na barabara zikakatika. Na yule wakala wa "Chalbi ni lami tu mzee, unaendesha umefumba macho" analala kwake Nairobi, na amana yake hairudishwi. Niliuziwa maneno hayo hayo. Aliyelipia trekta si yeye.

Kwa hivyo tarehe ya Chalbi haichaguliwi kwa mwezi. Mimi nataka angalau majuma matatu makavu kule juu, Marsabit mjini na vilima vya Huri. Soma utabiri wa Idara ya Hali ya Anga wa kaunti ya Marsabit, kisha piga simu Maikona na Kalacha. Usiulize "barabara iko sawa?" Utaambiwa iko sawa, kwa heshima tu. Uliza lori la mwisho lilivuka lini, lilikata katikati au lilizunguka pembeni, na lilikuwa na mzigo au tupu. Ukisikia "siku hizi wanazunguka", wewe pitia Laisamis, njia ya kusini isiyogusa Chalbi. Barabara ya Laisamis hadi Sarima, kilomita 208, ilitengenezwa kupitisha mitambo ya umeme wa upepo. Ina laga zake, yaani mito ya msimu, na zikishuka maji mtangoja, lakini laga hupungua kwa saa na Chalbi hukauka kwa majuma.

Najua kuna watakaosema hapa chini kwamba mimi ni mwoga. Kwa mwoga huenda kicheko, mengine mnayajua.

Uliuliza pia mwezi gani hauna upepo. Bwana, pale Sarima wamesimamisha mitambo 365. Nani angefanya hivyo mahali ambapo upepo unakwenda likizo? Unabanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, ukitoka kusini-mashariki, na unavuma mwaka mzima. Kinachobadilika ni saa: usiku hadi asubuhi ndio mkali, alasiri hutulia kiasi. Boti basi ni alasiri, na nahodha akisema hapana, ni hapana. Hema, mlango uelekee magharibi, na juu ya kila kigingi cha hema pandisha jiwe, mawe ya volkano hayahesabiki huko. Presha ya tairi uliyopunguza mchangani irudishe kabla ya kufika kwenye mawe hayo, la sivyo yatakukata ubavu wa tairi. Spea mbili, si moja.

Hoteli, kamera na nguo za watoto watakujibu wengine. Wewe niambie mko magari mangapi na siku mnayotoka Marsabit. Kama ni gari moja, jibu ni Laisamis, hata mwezi uwe wa kijani namna gani.