Barua kwa mwanangu: mizani ina vitanga viwili

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeuliza kwa sentensi moja: "Mama, hii chanjo mpya ya RSV wanayotaka kunichoma kliniki ni salama kwangu na kwa mtoto, ndiyo au hapana?" Ukaongeza kwamba umefika wiki ya 29, kwamba umesikia chanjo ya RSV, hivyo virusi vya njia ya hewa, iliwahi kuua watoto, na kwamba nisikuzungushe. Nitakuzungusha kidogo, mama, maana swali lilivyo halijibiki. Salama kuliko nini? Na ichomwe wiki ya ngapi? Kwa maswali hayo nina la kusema.

Neno langu unalijua, wewe na kaka yako mmelisikia mpaka mkachoka: mizani ina vitanga viwili. Anayekuonyesha hatari za sindano peke yake amekuonyesha kitanga kimoja. Anayekuonyesha hatari za ugonjwa peke yake naye hana tofauti.

Nianze na hao watoto waliokufa, kwa sababu ni kweli, na sitaki ulipate jambo hili nusunusu. Mwaka 1966 huko Marekani ilijaribiwa chanjo ya kwanza ya RSV kwa watoto wachanga. Walichukua virusi vizima wakaviua kwa kemikali iitwayo formalini. Katika kundi moja walichanjwa watoto 31. Baadaye 20 kati yao wakaambukizwa RSV yenyewe, 16 wakalazwa, wawili wakafa. Kundi la kulinganisha lilikuwa na watoto 21 walioambukizwa, akalazwa mmoja tu. Chanjo iliuzidisha ugonjwa.

Sababu ilichukua miaka mingi kueleweka. Virusi hivi huingia kwenye seli kwa protini iitwayo F, na protini hiyo ina sura mbili, ya kabla ya kuingia na ya baada. Chanjo ya 1966 iliuonyesha mwili sura ya baada, kwa hiyo kingamwili zilizotengenezwa zilivishika virusi bila kuvizuia. Mwaka 2013 ndipo wanasayansi walipoichora ile sura ya kabla na kupata njia ya kuikaza isibadilike. Chanjo uliyotajiwa, Abrysvo, ni protini hiyo iliyokazwa, mikrogramu 120 kwenye nusu mililita. Haina virusi ndani yake, si hai wala vilivyouawa. Wala mtoto hachomwi. Unachomwa wewe, ambaye RSV umekutana nayo mara nyingi tangu utotoni. Mwili wako unaongeza kingamwili, na kondo la nyuma linazivusha kwa mtoto. Kwa hiyo ya 1966 yaweke pembeni.

Kitanga cha ugonjwa sasa. RSV kwako ni mafua. Kwa mtoto wa mwezi mmoja, vijia vya hewa ni vyembamba mno, vikivimba na kujaa makamasi mtoto anapumua kwa mbavu, anashindwa kunyonya, na dawa ya kuviua virusi hivyo hospitali haina. Anapewa oksijeni na maji, mnasubiri. Kila mwaka RSV huua watoto wapatao 100,000 walio chini ya miaka mitano, na karibu nusu yao hawajafikisha miezi sita. Umri huo ndio chanjo hii inaulenga.

Katika jaribio kubwa, wajawazito zaidi ya 7,000 waligawanywa nusu kwa nusu, wengine chanjo, wengine sindano isiyo na dawa. Katika siku 90 za mwanzo, watoto waliougua vibaya walikuwa 6 upande wa chanjo na 33 upande wa pili. Hadi siku 180 walikuwa 19 na 62. Ndiyo ile asilimia 82 unayoisoma kwenye mabango, ikishuka hadi 69. Lakini asilimia hiyo haikuambii wangapi. Kwa kila watoto 1,000, chanjo iliwaepusha wanane hivi na ugonjwa mkali ndani ya miezi mitatu, na kama kumi na wawili ndani ya miezi sita. Kumbuka namba hiyo.

Kitanga cha sindano. Maumivu ya mkono yaliwapata wanawake 41 kati ya 100, na maumivu ya kichwa 31, ingawa waliochomwa sindano tupu nao waliumwa kichwa 28 kati ya 100. Hayo yanapita kwa siku mbili tatu. Kinachonikosesha usingizi ni kuzaa kabla ya wakati: watoto 202 upande wa chanjo, 169 upande wa pili. Asilimia 5.7 dhidi ya 4.7. Kitakwimu, tofauti hiyo yaweza kuwa bahati nasibu, na wengi wa hao njiti walizaliwa zaidi ya siku 30 baada ya sindano. Lakini kwa kila 1,000 ni kumi, na namba uliyoikumbuka pale juu ni nane au kumi na mbili. Unaona kwa nini siwezi kukuandikia "ndiyo" tu.

Tena kuna chanjo nyingine ya protini hiyohiyo, ya kampuni nyingine, ambayo jaribio lake kwa wajawazito lilisimamishwa Februari 2022. Huko njiti walikuwa asilimia 6.8 dhidi ya 4.9, na hiyo haikuonekana kuwa bahati.

Hapa niruhusu nitoke kidogo, kwa sababu kila nikiona namba ndogo inayosemwa "yaweza kuwa bahati" nakumbuka RotaShield, na bado inaniuma.

Agosti 1998 Marekani iliidhinisha RotaShield, chanjo ya kwanza ya rotavirusi, vile virusi vya kuharisha vinavyomkausha mtoto maji. Kwenye majaribio, watoto 5 kati ya zaidi ya 10,000 waliochanjwa walipata tatizo la utumbo kujiingiza ndani yake wenyewe, kama mkono wa shati unavyojikunja kwa ndani. Wasiochanjwa walikuwa zaidi ya 4,600, akapata mmoja. Watakwimu wakasema yaweza kuwa bahati, na kwa kanuni za hesabu walikuwa sahihi. Ikaandikwa kwenye karatasi ya maelezo, chanjo ikatoka. Kufikia Julai 1999, baada ya dozi zipatazo milioni 1.5, zilikuwa zimepokelewa taarifa 15 za utumbo. Chanjo ikasitishwa, na Oktoba mtengenezaji akaiondoa kabisa. Hatari ikaja kukadiriwa kuwa mtoto mmoja kwa kila 10,000 hivi, hasa kati ya siku ya 3 na ya 14 baada ya dozi ya kwanza.

Wengi hukisimulia kisa hiki wakaishia hapo, kwamba mfumo ulifanya kazi, chanjo mbaya ikaondolewa. Mimi huanzia hapo. Marekani wakati ule rotavirusi iliua watoto wachache, makumi kwa mwaka. Duniani iliua zaidi ya 400,000 kila mwaka, karibu mtoto mmoja kwa kila 300 wanaozaliwa. Chukua watoto milioni moja. Kitanga kimoja, utumbo wa watoto 100. Kitanga cha pili, vifo zaidi ya 3,000. Hata kama chanjo ingezuia nusu tu, hesabu hiyo haihitaji mtakwimu. Suala likajadiliwa Geneva, kwenye Shirika la Afya Duniani, mwaka 2000, lakini chanjo haikutumika. Zilizofuata zilikuja kati ya 2004 na 2006, kila moja ikiwa imejaribiwa kwa watoto zaidi ya 60,000 kwa ajili ya kisa hicho, na pendekezo la kuzitumia dunia nzima likatoka 2009. Hizo nazo zina hatari yake ya utumbo, mtoto mmoja kwa kila 20,000 hadi 100,000, na tumeikubali kwa sababu safari hii mtu alitazama vitanga vyote viwili.

Najua utakavyonijibu, maana huwa najijibu hivyo mwenyewe. Mzazi gani wa nchi maskini angekubali chanjo iliyokataliwa na matajiri? Na utumbo ukijikunja mahali ambapo daktari wa upasuaji yuko mbali, yule mmoja kwa 10,000 anakufa. Ni kweli. Bado watoto wa kile kitanga cha pili walikufa bila mtu kuwajibika, kwa kuwa kutoamua hakuandikwi jina la mtu. Hilo ndilo linaloniuma. Nikigeuka upande wa pili naumia vilevile, kwa kuwa watano dhidi ya mmoja ilikuwa ishara ya kweli, na ilipita.

Basi kwako najifunza yote mawili: ile 202 kwa 169 nisiipuuze, na nisiitazame peke yake.

Walioipima hawakuipuuza. Marekani waliweka dirisha la wiki ya 32 hadi 36, kwa hoja kwamba mtoto akitangulia kuzaliwa baada ya wiki ya 32, ni njiti wa hatari ndogo zaidi. Ukihesabu waliochomwa ndani ya dirisha hilo peke yao, njiti walikuwa asilimia 4.2 dhidi ya 3.7. Na wanawake karibu 3,000 waliofuatiliwa katika hospitali mbili za New York baada ya chanjo kuanza kutolewa, waliochanjwa hawakuzidi wasiochanjwa kwa kuzaa njiti. Uingereza huanza wiki ya 28, na Shirika la Afya Duniani nalo limeikubali wiki ya 28 na kuendelea. Ndiyo maana mkunga wako anakuambia unaweza hata sasa, na rafiki yako anakuambia usubiri. Wote wawili wana karatasi ya kuonyesha.

Ningesema subiri 32. Lakini kingamwili zinahitaji angalau siku 14 kuvuka za kutosha. Ukichoma wiki ya 32, kinga inamfikia mtoto wiki ya 34, na kaka yako alikuja wiki ya 34, sihitaji kukukumbusha. Mtoto anayewahi ndiye RSV inayempiga vibaya zaidi. Ndiyo, mimi ndiye niliyemzaa yeye, si wewe, na huenda hapo inasema hofu yangu kuliko hesabu. Nimeliandika ulione.

Kabla hujaamua, uliza haya. Kwanza presha. Jaribio lilichukua wanawake wenye afya, mimba ya mtoto mmoja isiyo na matatizo, na hata kwao dalili za kifafa cha mimba zilikuwa asilimia 1.8 dhidi ya 1.4. Kama presha yako imeanza kupanda, au mkojo una protini, namba zangu zote si zako, na daktari akuone wewe kama wewe. Pili, uliza kama hapo kuna nirsevimabu. Hiyo ni kingamwili iliyotengenezwa tayari. Anachomwa mtoto akishazaliwa, miligramu 50 akiwa chini ya kilo 5, nayo hudumu miezi mitano au zaidi. Ikiwepo kwa uhakika, una njia ya kumlinda mtoto bila kugusa suala la njiti, na kwa kawaida hahitaji zote mbili. Uhakika ndio neno. Kingamwili iliyoahidiwa ikakosekana siku ya kujifungua haimlindi mtu. Tatu, uliza msimu wa RSV mahali ulipo, maana kinga ya chanjo ni ya miezi sita hivi. Nne, chanjo ya kifaduro: ukiweza ichome siku tofauti, kwani zikichomwa pamoja kingamwili za kifaduro zilionekana kupungua.

Utasoma pia kuhusu ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia neva zake wenyewe. Onyo lililoongezwa Januari 2025 lilitokana na wazee wa miaka 65 na zaidi. Hilo silipi uzito kwako.

Ukikubali kuchoma, simama karibu na mchomaji. Abrysvo huja unga na maji yake. Vichanganywe pale, itumike ndani ya saa nne. Kosa lililowahi kutokea ni kumchoma mtu maji matupu, unga ukabaki kichupani. Kosa jingine ni kumpa mjamzito Arexvy, chanjo ya RSV ya wazee, iliyo ya kampuni ileile ambayo jaribio lake la wajawazito lilisimamishwa, tena yenye kiongeza nguvu ndani yake. Majina yanafanana na kabati ni moja. Omba uonyeshwe kichupa kabla ya sindano, si baada. Kisha kaa dakika 15 pale pale, au 30 kama umewahi kuvimba kwa dawa yoyote. Homa ikija usiku, parasetamoli.

Unataka nikuambie ningefanya nini. Kalamu imeshaanza kuandika mara mbili nikaifuta. Mimba ni yako, na presha yako siioni kutoka huku. Niandikie majibu matatu: presha ya wiki hii, kama nirsevimabu ipo kweli kwenye friji yao au ipo kwenye maneno, na tarehe yako ya wiki ya 32. Na ukichoma kabla sijakujibu, sitakasirika. Nitajie tu jina lililoandikwa kwenye kichupa.

Nisalimie mumeo.

Mama yako