Kocha, mdogo wangu anaambiwa aache ridhaa akacheze kulipwa. Mapambano 14 yanatosha?

SWALI: Kocha shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 19, anacheza ngumi za ridhaa hapa Morogoro, mapambano 14 kashinda 11. Kaja promota anasema ridhaa ni kupoteza muda, hamna hela, amsajili kulipwa ampe mapambano kumi ya haraka haraka, rekodi ikisoma 10-0, yaani ushindi kumi bila kupoteza, anagombea mkanda. Pambano la kwanza ni wiki mbili zijazo kwa kilo 61.2, yeye sasa hivi ana 66. Nimekuta vidonge vya lasiksi kwenye begi lake, anasema kaambiwa vitamshusha. Naomba kujua, mapambano 14 yanatosha kuingia kulipwa? Na huo mpango wa 10-0 ni sahihi? Dada mtu, Morogoro.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hili swali wewe umebadilisha mji na kilo tu, mimi nalipata karibu kila wiki, na nikishafika kwenye neno "rekodi" damu inaanza kuchemka hata sijamaliza kusoma. Kwa hiyo nikifoka humu ndani unisamehe, sikufokei wewe.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina promota. Mapambano 14 ya ridhaa, kila moja raundi 3 za dakika 3. Tuseme yote yalifika mwisho, hizo ni raundi 42, dakika 126. Masaa mawili na dakika sita. Huo ndo muda wote ambao mdogo wako amewahi kusimama mbele ya mtu ambaye kweli anataka kumuumiza, sparingi za jimu siziweki hapo. Sasa fundi cherehani akikwambia tangu azaliwe ameshika mashine masaa mawili na dakika sita, utampa kitambaa chako cha sendofu?

Kwa hiyo hapana, hayatoshi. Mimi vijana wangu wa uzito huo nawataka wawe na thelathini arobaini, wawe wameshatoka nje ya mkoa wakapigwa na watu wasiowajua, wawe wamekutana na mashoto wawili watatu na yule anayekukumbatia muda wote mpaka unataka kulia. Siyo sheria iliyoandikwa popote, ni kipimo changu. Na najua utaniambia mbona Deontay Wilder alianza ngumi ana miaka 20, miaka mitatu haijaisha ana shaba ya Olimpiki ya Beijing 2008, halafu mwaka 2015 bingwa wa dunia wa WBC. Sawa. Yule ana futi 6 na inchi 7 na mkono wa kulia unaozima umeme, na uzito wa juu ngumi moja inakufutia makosa ya raundi nane. Kilo 61 hamna huruma hiyo, huko ukikosea raundi ya pili unalipia raundi ya pili, ya tatu na ya nne.

Hela ya ridhaa hamna, hapo promota kasema kweli na sitamficha mtu. Unaenda mashindano ya taifa nauli umechangiwa na majirani, unalala kwenye darasa la shule, unarudi na cheti. Inauma. Lakini kusema ni kupoteza muda, huyo hajui anachouza. Nenda kamuulize mtu mzima yeyote wa ngumi habari za Ayub Kalule wa Uganda. Mwaka 1974 peke yake alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch na dhahabu ya ubingwa wa dunia wa ridhaa kule Havana. Kaingia kulipwa 1976, akaweka kambi Denmark, na Oktoba 1979 akaenda Japan kumvua Masashi Kudo mkanda wa dunia wa WBA kwa pointi, enzi hizo raundi 15. Miaka mitatu tu! Watu wanaiona ile mitatu wanasema "kumbe inawezekana haraka", hawaoni kwamba alipofika kulipwa shule alikuwa kashamaliza zamani. Hakupoteza pambano la kulipwa mpaka alipokutana na Sugar Ray Leonard pale Houston Juni 1981, na hata huyo ilibidi afike raundi ya 9.

Na hata shule ikiwa kubwa bado kulipwa kuna mtihani wake. Vasyl Lomachenko aliacha ridhaa na ushindi 396, kapoteza mara moja tu, dhahabu mbili za Olimpiki. Pambano lake la pili la kulipwa, Machi 2014, akagombea ubingwa wa dunia dhidi ya Orlando Salido, mzee wa mitaani yule, kapoteza mapambano kibao. Salido akampiga chini ya mkanda, akamkumbatia, akamwegemea, akamkatia pumzi, na Lomachenko alipokuja kushtuka raundi zimeisha, kapoteza kwa pointi. Miezi mitatu baadaye alipata mkanda wake, ndiyo, lakini lile somo alilipia. Mtu wa mapambano 397! Sasa mdogo wako mwenye 14.

Tofauti zenyewe kwa kifupi maana najua wengi mnazijua: glovu za ridhaa ni aunsi 10 kwenda juu, kulipwa kwa uzito wake ni aunsi 8, ndogo, zinapenya kwenye gadi. Ridhaa unakimbiza dakika tisa unamwaga ngumi majaji watano waone. Kulipwa bingwa anacheza dakika 36, majaji watatu, na kazi kubwa inafanyika mbavuni na kwenye ini ambako watazamaji wala hawaangalii. Mwili haujifunzi hilo kwa kusimuliwa.

Haya sasa tuje kwenye hii 10-0, ndo hasa ninachotaka kusema leo.

Watu wameaminishwa kwamba rekodi safi ndo uwezo. Siyo. Rekodi inakwambia umeshinda mara ngapi, haikwambii umemshinda nani. Huyo promota hatamletea mdogo wako mabondia, atamletea vibonde. Dereva bodaboda aliyeacha mazoezi miaka minne, kijana aliyeokotwa jimu juzi akaambiwa utapata laki, mzee ambaye kila mwezi anaanguka raundi ya pili wilaya tofauti. Utaona KO, yaani mtu kaangushwa hainuki, KO, KO, mtaa mzima unashangilia, mnabandika picha, na nyie nyumbani mnaamini. Piga hesabu tena: mapambano kumi yanayoishia raundi ya pili hayazidi raundi 20. Yaani anafika 10-0 akiwa amecheza nusu ya zile raundi 42 alizotoka nazo ridhaa, tena na watu dhaifu zaidi. Kwa hiyo amerudi nyuma huku karatasi inasema amepanda.

Nilikuwa na kijana, jina naliacha, alinikimbia akiwa na mapambano 16 ya ridhaa akaenda kwa mtu wa namna hiyo. Akafika 9-0, wote kwa KO, hakuna hata mmoja aliyeiona raundi ya tatu. Akapelekwa nje kucheza raundi nane. Nilitazama kwenye simu. Raundi tatu za kwanza safi kabisa, ya nne akaanza kupumua kwa mdomo, ya tano mikono ikashuka kiunoni na mimi nimekaa kwenye kochi napiga kelele "funga kiwiko!" kama mwehu, mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Kona yake hakuna aliyejua kutupa taulo kusimamisha pambano. Hakufa, namshukuru Mungu, lakini ukimpigia simu leo anakuuliza jambo moja mara mbili.

Na hapa ndo kuna siri ambayo hawaisemi. Unajua kwa nini promota anaitaka hiyo 10-0? Kwa sababu inauzika. Kuna simu inapigwa kutoka Ulaya au kwingineko, kuna kijana wao anajengwa, wana televisheni, wanahitaji mpinzani baada ya siku kumi na hawataki aliyepigwa mara nane maana itaonekana aibu. Wanataka mwenye rekodi inayovutia kwenye bango ila asiyeweza kumsumbua mtu wao. Mdogo wako wa 10-0 za vibonde ndo bidhaa yenyewe. Analishwa vibonde kumi ili na yeye akawe kibonde wa mtu. Promota anachukua chake, yeye anarudi na uso umevimba, na dola kadhaa zimeshakatwa nauli, viza, na "gharama za kambi" ambayo hajawahi kuiona.

Kwa hiyo acheni kuabudu sifuri. Fatuma Zarika wa Kenya alipomshinda Alicia Ashley kule Marekani 2016 na kuchukua mkanda wa WBC alikuwa ameshapoteza zaidi ya mara kumi, na alikuwa bingwa kweli. Hassan Mwakinyo aliitwa Birmingham Septemba 2018 kama mbadala wa dakika za mwisho, wenyeji walijua wamepata mtu wa kumpasha moto Sam Eggington, naye rekodi yake haikuwa safi, na raundi ya 2 mwamuzi akasimamisha pambano, Eggington hoi. Ile simu ya nje siku moja moja inamgeukia aliyepiga. Lakini ni siku moja moja, na inamgeukia akimpata mtu aliyeiva. Wasiwatumie Mwakinyo kama tangazo la kuwapeleka vijana wabichi.

Na kwa upande wa pili, kama unadhani KO nyingi zinatosha, John Mugabi, Mganda tena, fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980, mtu wa kutisha kwelikweli, alimfuata Marvin Hagler Machi 1986 akiwa na 25-0 na zote 25 kwa KO. Alipigana kama simba, na raundi ya 11 akaenda chini. Baadaye alipata ubingwa, 1989, sisemi hakuwa bondia. Nasema mtu ambaye hajawahi kuzoea raundi za mwisho anakutana nazo kwa mara ya kwanza mbele ya bingwa wa dunia, na huyo alikuwa na medali. Huyu wako je?

Sasa uzito. Kutoka 66 hadi 61.2 wiki mbili, karibu kilo tano, kijana wa miaka 19 ambaye hana kitambi cha kupunguza. Mafuta ya kutoa hapo hayapo, atakachotoa ni maji. Kwenye ridhaa mnapima asubuhi ya siku ya pambano kwa hiyo ukijikausha unajikomoa mwenyewe, wote mnajua. Kulipwa wanapima siku moja kabla, na hapo ndo kila mjuaji wa mtaani amegeuka daktari: jifunge nailoni ukimbie, usinywe maji siku mbili, meza lasiksi, ukishapima kunywa maji ya dripu utakuwa sawa. Hutakuwa sawa! Lasiksi ni dawa ya watu wenye moyo mbovu na miguu iliyojaa maji, inatoa maji pamoja na chumvi ambazo moyo na misuli inazitegemea, ndo maana utaona bondia anakaza misuli raundi ya pili mnasema karogwa. Na iko kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni, akipimwa anafungiwa. Kuna mwingine huku anauza unga kwenye chupa ya maji, anauita dawa ya pumzi. Nilimuuliza ndani kuna nini, akasema ni siri ya babu. Babu mwenyewe alicheza uzito gani?

Kama anataka kushuka, 63.5 inawezekana, kwa wiki sita mpaka nane za chakula na mazoezi, kocha anampima kila asubuhi. La sivyo abaki uzito wa 66.7, ndo mwili wake kwa sasa na bado anakua.

Mnaposema "mbona alionekana mzima" huwa namkumbuka Robert Wangila. Dhahabu ya Seoul 1988, fahari ya Kenya nzima. Julai 1994 kule Las Vegas mwamuzi alisimamisha pambano raundi ya 9, Wangila mwenyewe akalalamika kwamba bado anaweza kuendelea. Akatembea kwa miguu yake mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Huko ndo akazimika, hakuamka tena. Na huyo alikuwa bingwa wa Olimpiki, mjini kwenye hospitali kubwa na madaktari wa ulingo waliosomea. Pambano la kwanza la mdogo wako gari la wagonjwa litakuwepo nje? Umeuliza? Watu wanauliza mkanda, wanauliza hela, gari la wagonjwa hakuna anayeliuliza, siku kijana analetwa kwenye bajaji ndo tunaanza kulaumiana.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie promota akutajie jina la mpinzani leo, siyo siku ya kupima uzito, na umtafute mwenyewe Boxrec, ile tovuti ya rekodi za mabondia, kapigana na nani. Aonyeshe mkataba, wewe au mzazi muusome wote, hasa pale panaposema ni miaka mingapi na anakata asilimia ngapi. Akisema "mikataba ya nini, sisi ni ndugu", hapo ushapata jibu. Pambano la wiki mbili zijazo asicheze, hata kama bango limeshatoka. Arudi ridhaa, na kama ni hela ndo shida, bora atafute kibarua cha mchana afanye mazoezi jioni, wengi wetu tulifanya hivyo. Baada ya mapambano kumi na tano mengine uniandikie tena, na uniambie yale matatu aliyopoteza alipotezaje, maana kwenye barua yako hujasema na hayo ndo yangenisaidia kuliko 11 alizoshinda.

Na vile vidonge usisubiri mpaka akubali. Vitoe kwenye begi leo hii, umwage chooni.