Kwa Mnaoanza Kufuga Mjusi Chui: Pimeni Joto la Sakafu Kabla ya Kumlisha

Wadogo zangu,

Jumamosi iliyopita nilitembelewa na vijana watatu wa hapa Arusha, wote wakiwa wamepata mijusi chui (leopard gecko) wao wa kwanza ndani ya mwaka huu. Nilifurahi mno, kwa sababu nilipoanza mimi hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye jambo hili bila kuulizwa kwanza kama mjusi wangu ana sumu. Lakini mmoja wao, alipokuwa akiaga, alisema anasafiri kwenda kwao Rombo kwa siku nne, na kwamba hana wasiwasi wowote, kwa kuwa asubuhi ile alikuwa amemshibisha mjusi wake nyenje wanane na kumwachia wengine sita ndani ya tangi. Nilimwomba akae chini tena. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomweleza jioni ile.

1. Makazi. Mnajua tayari kwamba asili ya mnyama huyu ni nchi kavu zenye mawe za Afghanistan, Pakistani na kaskazini-magharibi mwa India, na kwamba hapandi kuta kama mjusi kafiri wa dari zetu, kwa sababu vidole vyake havina vinatio. Basi kwa nini bado mnaagiza kwa mafundi vioo matangi marefu ya kusimama? Anachohitaji ni sakafu pana: mkubwa mmoja mpeni sentimita 90 kwa 45, naye akae peke yake, maana madume wawili wataumizana. Maficho yawe matatu, moja upande wa joto, moja upande wa baridi, na la tatu liwe na unyevu wa kumsaidia anapojichubua ngozi. Kifuu cha nazi kilichokatwa mlango kinamtosha mtoto. Mkubwa apewe chungu kilichovunjika, makali yake yakisuguliwa kwa msasa. Mchanga wa mtoni uacheni mtoni, kwa sababu anapomkosa mdudu humeza mchanga, nao huziba utumbo. Vipande vya vigae vilivyobaki kwa fundi ujenzi ni safi, vinapitisha joto vizuri, na mara nyingi mtapewa bure.

2. Joto. Hapa naomba mnivumilie.

Arusha iko juu, mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti nyumba zetu zina baridi ambayo mjusi huyu hawezi kuistahimili akiwa ameshiba. Wenzetu wa Moshi wako chini zaidi na wana nafuu, ila wasijisahau. Mjusi hatengenezi joto lake mwenyewe; hulipata kutoka nje, na huyu hulipata zaidi kupitia tumbo anapolala juu ya kitu chenye moto wa kutosha. Sakafu ya upande wa joto iwe nyuzi joto za Selsiasi 31 hadi 33, na upande wa baridi nyuzi 24 hadi 26. Ninasema sakafu. Kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo hupima hewa, na mjusi halali hewani.

Mjusi wangu wa kwanza nilimwita Ndizi, kwa kuwa mkia wake ulikuwa mnene na wa manjano mithili ya ndizi iliyoiva. Julai ya mwaka wangu wa pili wa kumfuga nilipata habari za msiba Moshi, ikanilazimu kuondoka siku hiyohiyo mchana. Kwa huruma, na kweli ilikuwa huruma, nilimlisha nyenje tisa badala ya watano aliowazoea. Niliwatoa mmoja mmoja kwa kibano, nikimtazama jinsi alivyotikisa ncha ya mkia kabla ya kurukia, na jinsi alivyofumba macho akimeza, maana yeye, tofauti na mjusi kafiri, ana kope. Nilifunga mlango nikiwa nimetulia moyo. Sikuangalia mita ya umeme. Uniti za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, zilikuwa zimebaki chache, zikaisha usiku wa kwanza, mkeka wa joto, ule wa umeme unaopasha sakafu ya tangi, ukazimika, na kwa takribani siku mbili tangi likakaa katika chumba ambacho alfajiri za Julai mtu hulala kwa mablanketi mawili.

Niliporudi jioni ya siku ya tatu nilimkuta nje ya maficho, amelala bapa juu ya kigae, tumbo limevimba. Nilipomgusa alifungua jicho moja taratibu. Nilinunua umeme, nikawasha mkeka, na baada ya saa moja tu, nilipomwona ameanza kutembea, nikaamini kuwa ana njaa, nikampa nyenje wengine watatu. Aliwapokea. Hilo ndilo lililonidanganya, kwani mdomo ulikuwa tayari ilhali tumbo lilikuwa bado limelala.

Usiku wa pili baada ya kurudi kwangu alitapika. Nilichokikuta asubuhi juu ya kigae kilikuwa nyenje wazima, miguu yao bado imeshikamana na viwiliwili, weusi na laini, na harufu ya uozo imejaa chumba. Wale wa kwanza walikuwa wamekaa tumboni mwake karibu siku nne bila kusagwa. Daktari wa mifugo aliyetupokea, mtu aliyezoea ng'ombe na mbwa lakini aliyejibidiisha kusoma kwa ajili yangu, alinieleza kwamba vimeng'enya vya mjusi hudorora mwili unapopoa, na chakula kisichosagwa huoza mlemle ndani. Tulimpa maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone baada ya tone, na kila asubuhi nilimpima kwa mizani ya jikoni: gramu 61, 58, 55, 51. Mkia ule ulinywea hadi mifupa yake ikahesabika. Alikufa siku ya kumi na moja, nikamzika chini ya mgomba nyuma ya nyumba.

Angekuwa na tumbo tupu, baridi ile ya siku mbili huenda angeivuka. Mkubwa mwenye afya na mkia mnene anaweza kukaa wiki nzima bila chakula ilimradi ana maji safi, kwa sababu mafuta ya mkiani ndiyo akiba yake. Kwa hiyo anayesafiri aache kumlisha siku mbili au tatu kabla ya safari, na anayerudi na kukuta tangi limepoa alipashe moto siku nzima kwanza, asubiri mjusi apate kinyesi kilichokauka vizuri chenye ncha nyeupe, ndipo afungue kopo la nyenje. Wale nyenje wa kuachwa tangini nao si zawadi, kwa sababu usiku humng'ata mjusi vidole na mkia akiwa amelala au amepoa.

3. Themostati, kifaa kinachowasha na kuzima mkeka ili joto libaki pale mnapotaka, si pambo: inunueni pamoja na mkeka, na kihisi chake kilazwe sakafuni ndani ya maficho ya joto.

4. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi, alishwe mboga siku moja kabla, kisha apakwe unga wa kalsiamu. Wadogo hula kila siku, wakubwa kila baada ya siku mbili au tatu. Msipuuze kalsiamu na vitamini D3, kwani mifupa ikishalainika miguu hupinda na hainyooki tena.

5. Akishajichubua, kagueni vidole kimoja kimoja. Ngozi iliyobaki hukaza kama uzi na kukata damu, na kidole hukatika. Ilowesheni kwa maji ya uvuguvugu, msiivute ikiwa kavu.

6. Msimshike mkia. Mpwa wangu aliushika siku moja, ukabaki mkononi mwake ukirukaruka, naye akalia kuliko mjusi alivyoumia. Huota tena, mfupi na wa mviringo, lakini akiba yote ya mafuta inakuwa imekwenda.

7. Kabla ya kulipa, dai nyaraka halali za kumwingiza nchini. Anaishi miaka 15 hadi 20, nanyi mtahitaji kuzionyesha zaidi ya mara moja.

Yule kijana wa Rombo alirudi kwake usiku uleule, akawatoa wale nyenje sita, akalaza kipimajoto juu ya kigae, kisha akanitumia picha. Kilisoma nyuzi 23. Waya wa mkeka ulikuwa umelegea kwenye soketi, hajui tangu lini. Aliahirisha safari, akakaa na mjusi wake Jumapili yote sakafu ikiwa nyuzi 32, na Jumatatu alfajiri akaniletea picha ya pili: kinyesi kikavu, chenye ncha nyeupe. Mchana wake alipanda basi.