Kabla Hujalipa, Isajili

Juzi usiku msomaji mmoja wa Morogoro alinitumia ujumbe: "Dada, nimeona Kindle dukani kwa laki mbili na nusu, muuzaji anasema ni kama mpya. Nichukue au niagize kwa wenyewe?" Kindle ni kifaa cha kusomea vitabu kinachotengenezwa na kampuni ya Amazon. Niliusoma ujumbe huo mara mbili moyo ukaniuma, maana swali hilo mimi sikumuuliza mtu.

Mwaka 2022 zamu yangu ya kupokea fedha za mchezo ilifika. Wenzangu walinunua friji na makochi. Mimi nilikuwa nimechoka kusoma kwenye simu hadi macho yanatoa machozi, nikaenda Kariakoo kutafuta Kindle, na laki mbili na themanini mkobani. Kijana wa dukani alikuwa mchangamfu. Alikifuta kioo kwa kitambaa cha miwani, akaiwasha, na pale juu pakatokea jina la mtu mwingine. Chini yake vilijipanga vitabu vya huyo mtu: vya mapishi, kimoja cha sala, na riwaya aliyoiachia asilimia 62. Nikauliza, hii ni ya nani? "Hiyo tunafuta tu dada, dakika mbili." Akafuta kweli. Nikalipa. Risiti ilikuwa ya kuandikwa kwa mkono: "kifaa kimoja".

Nyumbani nikaingiza akaunti yangu ya Amazon, ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Ndipo nikajifunza kwamba kila Kindle ina namba yake yenye herufi na tarakimu 16, na mwenyewe akiripoti kuwa imeibiwa au imepotea, namba hiyo inaweza kufungiwa. Ukifuta kila kitu kilichomo, namba inabaki ile ile. Nilibaki na kifaa cha kuingizia vitabu kwa waya, na kila nikikishika naikumbuka ile asilimia 62. Kuna mtu alikatizwa hadithi yake. Niliporudi dukani, yule mchangamfu hakunifahamu kabisa.

Miaka miwili mizima sikutaka kusikia habari hizi. Kisha mdogo wangu anayeishi Marekani akaniagizia Paperwhite, aina mojawapo ya Kindle, moja kwa moja Amazon, dola 159.99, ile inayoonyesha matangazo kioo kikilala. Isiyo na matangazo wakati huo iliongezeka dola 20. Ililetwa na mtu aliyekuwa anakuja likizo. Nikaifungua mikono ikitetemeka, na jina lililotokea halikuwa langu! Lilikuwa la mdogo wangu. Kumbe ukinunua kwa mtengenezaji, kifaa hutoka kimeshasajiliwa kwa mnunuzi, isipokuwa aweke alama kwamba ni zawadi. Kipya cha madukani, kama Best Buy au Target huko kwao, hutoka hakina jina la mtu, unakisajili mwenyewe. Mdogo wangu akaiondoa kwenye akaunti yake, nikaweka yangu, ikakubali. Nililia, sioni haya kusema.

Kwa hiyo simwambii mtu kwamba duka ni baya. Dukani unashika, unapima uzito, unaona kioo kama kina alama, na ukiwa na risiti ya kweli una pa kurudi. Tena duka linalouza kwa idhini ya mtengenezaji halikunyimi dhamana ya mwaka mmoja. Ninachowasihi ni hiki: mkiwa bado mmesimama pale kaunta, washeni data ya simu, mrushie kifaa intaneti, ingizeni akaunti zenu. Ikikubali, lipeni. Muuzaji akisema mtandao unasumbua, ondokeni. Akisema utasajili nyumbani, ondokeni. Tunapenda vitabu, tunataka watoto wetu wasome, halafu tunalipa fedha za jasho kwa kitu tusichokiuliza kilikotoka. Tuulize! Na anayeagiza kutoka nje asisahau VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, ambayo huhesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri, bima na ushuru wa forodha kama upo. Bei ya kwenye tovuti siyo utakayolipa.

Dada wa Morogoro, leo usilipe. Kesho rudi na simu yenye bando, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, uangalie jina lililo juu. Kama kuna jina, muulize mwenye jina yuko wapi, aiondoe yeye mwenyewe kwenye akaunti yake. Kisha niandikie alivyojibu.