Maswali ya Wasomaji: Kuchora Mandhari kwenye Vipande vya Gogo

Swali: Wahariri, salaam. Nakata vipande vya mwarobaini na kuchora juu yake milima ya huku kwetu. Naanika juani siku mbili vikauke upesi, lakini karibu vyote vinapasuka, vingine nikiwa nimeshamaliza kuchora. Nakosea wapi? – Msomaji, Kondoa

Jibu: Jua lina kosa, ila si peke yake. Mti ukikauka, husinyaa kufuata mzunguko wa pete zake za ukuaji karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka gome kwenda kwenye kiini. Mzingo unajivuta, ndani hapalegei vya kutosha, kipande kinaachia: ufa mmoja mpana, kutoka ukingoni hadi kiini. Vinyufa vidogo vidogo vya usoni ni habari nyingine. Hivyo ndivyo vya jua na upepo, uso umekauka na ndani bado kubichi.

Kata gogo kati ya Julai na Septemba, maana la masika gome lake hubanduka baadaye. Unene uwe sentimita 2 hadi 3. Siku hiyohiyo paka pande zote mbili gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, ili unyevu utoke polepole. Panga vipande kivulini juu ya mapapi, mbali na upepo (wa Agosti hauna huruma), uvigeuze kila siku. Tegemea wiki sita hadi nane. Usiamini mkono: pima kila wiki kwenye mizani ya jikoni, na gramu zisiposhuka wiki mbili mfululizo, kimekauka.

Kipande kinachozidi sentimita 15 kwa upana kipitishie msumeno kingali kibichi, mstari mmoja tu kutoka gome hadi kiini. Mvutano wote utaishia hapo. Baadaye ziba kwa kabari nyembamba ya mti huohuo na gundi, au uache pengo uligeuze korongo. Mtu wa Kondoa hafundishwi korongo linavyoshuka mlimani. Ukikata gogo kwa mshazari utapata umbo la yai, nalo hupasuka kwa nadra zaidi.

Swali: Tawi la mbuyu linafaa? – Msomaji, Chamwino

Jibu: Halifai. Ni nyuzi laini zilizojaa maji. Likikauka linapinda na kufumuka, na msasa unazidi kulitoa manyoya.

Swali: Nikipaka anga kwa akriliki kwenye mgunga, yanatokeza madoa ya kahawia. Halafu milima yangu ya mbali inaonekana kama iko mlangoni. – Msomaji, Dodoma Mjini

Jibu: Madoa ni tanini, kemikali ya kahawia iliyomo ndani ya mti, nayo huyeyushwa na maji yaliyomo kwenye rangi. Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 220, ufute vumbi kwa kitambaa kikavu. Paka sandingi sila (dawa ya kuziba mbao kabla ya rangi) mikono miwili, katikati ukisugua kidogo kwa namba 320. Ikishakauka kabisa, ndipo upake akriliki nyeupe mkono mmoja mwembamba, pale picha itakapokaa tu.

Kuhusu milima, anza na anga, kisha safu ya mbali kabisa, uje mbele. Changanya kwanza rangi ya mlima wa karibu. Kwa kila safu ya nyuma yake, chukua rangi ya safu iliyo mbele yake, uiongezee nyeupe kiasi kilekile kila mara, pamoja na tone la buluu. Kiangazi, vumbi likiwa hewani, ukanda wa chini wa anga uwe nyeupe yenye njano ya udongo kidogo. Kijani cha kwenye tyubu ni kikali mno kwa migunga yetu: njano sehemu 4 na nyeusi sehemu 1 inakaribia zaidi.

Vanishi iwe ya maji, baada ya siku mbili. Ya mafuta hugeuka manjano taratibu, na anga ndiyo huonyesha kwanza.